Kabila Lililomlinda Mtume, Kabila Lililompinga



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ndugu yangu msomaji, maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu usiku mmoja baada ya tarawehe, na ndugu wanaosimamia jarida hili wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa hivyo utaniwia radhi ukiona naandika kama mtu anayezungumza.

Tulipokuwa madrasa, somo la sira lilianza hivi: Waarabu kabla ya Uislamu waliabudu masanamu, walikunywa pombe, walicheza kamari, na wengine wao waliwazika mabinti zao wakiwa hai. Kisha akaja Mtume, giza likaondoka. Yote hayo ni kweli, na Qur'ani yenyewe imekemea kuzikwa kwa mabinti. Lakini ukiishia hapo kuna swali moja hutaweza kulijibu. Mtume (S.A.W.) alikaa Makka kiasi cha miaka 13 baada ya kupewa utume. Miaka yote hiyo, kwa macho ya Makureshi, alikuwa mtu anayeitia aibu miungu yao na kuwaambia kuwa baba zao walipotea. Panga walikuwa nazo. Chuki walikuwa nayo. Mbona hawakumuua mapema?

Najua utanijibu: Mwenyezi Mungu alimlinda. Hilo halina mjadala. Lakini Mola huweka sababu, na sababu aliyoiweka Makka ni ile ile tunayoambiwa kuwa ni sehemu ya giza la ujahilia. Ni kabila.

Hebu fikiria mji usio na polisi, usio na mahakama, usio na jela wala mfalme. Makka ilikuwa hivyo. Kulikuwa na wazee waliokutana kushauriana katika nyumba iliyoitwa Dar an-Nadwa, karibu na Kaaba, lakini hakuna aliyeweza kumlazimisha mwenzake. Sasa mtu akikupiga, akikuibia, akimuua nduguyo, utaenda wapi? Utaenda kwa ukoo wako. Makureshi walikuwa kabila moja lenye mbari nyingi: Bani Hashim, Bani Makhzum, Bani Umayya, Bani Nawfal, Bani Adi, Bani Jumah, Bani Sahm na nyinginezo. Ukimuua mtu wa Bani Hashim, umeidai Bani Hashim nzima vita, na wao hawatakutafuta wewe peke yako. Yeyote wa ukoo wako anaweza kulipa kwa roho yake. Au watu wa kati wataingia, ukoo wako wote uchange dia, na dia ya mtu ilikuwa ngamia 100. Kwa hivyo kila mtu aliogopa kumgusa mwenziwe, si kwa huruma, ila kwa hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa serikali yao.

Na asiye na ukoo hapo? Mgeni alilazimika kutafuta mwenyeji wa kumpa himaya, wao waliita jiwari, au afunge kiapo na ukoo fulani awe mshirika wao. Ukishatangaziwa himaya mbele ya watu pale Kaaba, kukugusa wewe ni kumgusa aliyekulinda. Na mtu aliyewachosha jamaa zake kwa maovu, ukoo ulimkana hadharani. Huyo damu yake ilikuwa kama maji, akimwagwa hakuna wa kuuliza.

Ukilielewa hili, sira yote yafunguka.

Abu Talib, ami yake Mtume, ndiye aliyekuwa mkubwa wa Bani Hashim. Makureshi walimwendea mara kadhaa wakamtaka amnyamazishe mtoto wa nduguye au amtoe mikononi mwake. Zingatia vizuri: walimwomba Abu Talib ruhusa. Mara moja walimletea kijana mzuri wa Bani Makhzum, Umara bin al-Walid, wakasema mchukue huyu awe mwanao, nawe utupe Muhammad. Abu Talib akawastaajabia, ati wampe mtoto wao awalishie, naye awape wake wamuue! Alikataa mpaka kufa kwake, na kauli mashuhuri ya wanazuoni wetu wa Sunni ni kwamba alikufa bila kusilimu. Aliyemlinda Mtume kwa miaka hiyo yote, kwa kauli hiyo, hakuwa Muislamu. Alikuwa mtu wa ukoo.

Hata Hamza (R.A.), simba wetu wa Uhud, mlango aliopitia kuingia katika dini ulikuwa huo huo. Alirudi kuwinda, akaambiwa Abu Jahl amemtukana mtoto wa nduguyo pale Safa. Akaenda moja kwa moja hadi Kaaba, akampiga Abu Jahl kwa upinde kichwani, akamwambia: mimi pia niko katika dini yake. Kwanza ilikuwa hasira ya damu. Imani ikaja ikatulia baadaye.

Kuanzia kiasi cha mwaka 616 mambo yakazidi. Makureshi waliandika mkataba wakautundika ndani ya Kaaba: asioe mtu kwa Bani Hashim na Bani al-Muttalib, wala asiwaoze, asinunue kwao wala asiwauzie. Wakakaa katika bonde la Abu Talib muda wa miaka mitatu hivi, njaa ikawakaba hata sauti za watoto wakilia zasemekana kusikika nje. Na walioingia bondeni hawakuwa Waislamu peke yao. Waliingia Bani Hashim waumini na makafiri wao, isipokuwa Abu Lahab aliyejitenga na jamaa zake. Jiulize, mtu asiyemwamini Mtume, asiyetaraji pepo wala kuogopa moto, anakula majani kwa ajili yake. Kwa nini? Kwa sababu ni wao. Damu nzito kuliko maji. Siwezi, ndugu yangu, kuliita jambo hilo giza tupu.

Tena waliouvunja mkataba ule hawakuwa Waislamu wakati huo. Hisham bin Amr alikuwa akimleta ngamia usiku amebeba chakula hadi mdomoni mwa bonde, anamvua hatamu, anampiga ubavuni akimbilie ndani. Ndiye aliyewazungukia wenzake wanne mmoja mmoja, akiwemo Mut'im bin Adi wa Bani Nawfal, wakasimama pale Kaaba kuukana mkataba. Lishike jina hilo la Mut'im, nitalirudia.

Lakini kila ukuta una upande wa nje. Nje ya ukuta huu walikuwako Bilal, mtumwa wa Umayya bin Khalaf, na Khabbab mhunzi, na Yasir aliyetoka Yemen na mkewe Sumayya na mwanao Ammar (R.A.). Hawa hawakuwa na Abu Talib. Mtume alipita akawaona wakiteswa na hakuweza kuwaondoa, kwa sababu himaya yake mwenyewe ilikuwa ya kuazima. Sumayya akauawa na Abu Jahl, akawa shahidi wa kwanza katika Uislamu. Hakuna ukoo uliosimama kudai damu yake, na hakuna aliyelipa ngamia hata mmoja. Huu ndio ubaya wa kabila ambao hauonekani ukiwa ndani: yule aliye ndani hajui kuna baridi.

Watu wenye moyo waliuona ubaya huu hata kabla ya utume. Mtu wa Zabid kutoka Yemen aliuza bidhaa zake Makka kwa al-As bin Wail wa Bani Sahm, mtu mkubwa, akadhulumiwa bei yake. Akapanda jabali la Abu Qubays akapiga kelele mbele ya Makureshi wote. Ndipo watu wa mbari kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa kitu kimoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe wa Makka au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume alikuwa kijana wa kiasi cha miaka 20, akahudhuria. Baada ya kupewa utume alisema, kwa maana yake, kwamba lau angeitiwa kiapo kama kile katika Uislamu angeitikia. Kijana mwenzangu, miaka 20 ni umri wako na wangu.

Na wako waliokuwa ndani ya ukuta wakatoka kwa hiari yao. Uthman bin Madh'un (R.A.) alirudi kutoka Habasha, kule ambako Waislamu walikimbilia mwaka 615 kwa mfalme Najashi, ng'ambo ya bahari katika bara letu hili. Akaingia Makka kwa himaya ya al-Walid bin al-Mughira, mmoja wa vigogo. Akawa anatembea mjini salama, huku ndugu zake wanapigwa. Likamkera. Akamwendea al-Walid akamrudishia himaya yake hadharani pale Kaaba. Siku hiyo hiyo akabishana katika baraza alimokuwamo mshairi Labid, mtu mmoja akamrukia akampiga ngumi ya jicho hadi likavilia. Al-Walid yuko karibu, anatazama, akamwambia jicho lako lilikuwa na haja gani na haya, ulikuwa mahali pa usalama. Uthman akajibu kuwa hata lile jicho zima linatamani lililompata mwenziwe. Mimi nikisoma kisa hiki huona haya, kwa sababu sisi wengi wetu tungetafuta namna ya kuibakisha ile himaya na dini pia.

Mwaka 619 ukaingia, Abu Talib akafariki, na Bi Khadija (R.A.) akafariki mwaka huo huo. Ukubwa wa Bani Hashim ukamwangukia Abu Lahab, na yeye hakukawia kuondoa himaya. Mtume akenda Taif, wakampiga kwa mawe. Sasa angalia: hakuweza kurudi hivi hivi Makka, mji aliozaliwa! Akatuma ujumbe kwa al-Akhnas bin Shariq, akajibu kuwa yeye ni mshirika tu wa kiapo, mshirika hawezi kutoa himaya juu ya wenyeji. Akatuma kwa Suhayl bin Amr, naye akatoa udhuru wa ukoo wake. Akatuma kwa Mut'im bin Adi. Mut'im akakubali. Asubuhi akavaa silaha na wanawe, wakaingia naye hadi Kaaba. Abu Jahl akamuuliza: umemlinda tu, au umemfuata? Mut'im akasema: nimemlinda. Basi, akasema Abu Jahl, uliyemlinda wewe sisi tumemlinda. Hata Abu Jahl alijua mipaka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Lakini mwaka 622 wakapata ujanja wa kuishinda sheria yao wenyewe. Kila mbari itoe kijana mmoja mwenye nguvu, wote wampige Mtume kwa pamoja pigo moja, damu yake itawanyike katika mbari zote. Bani Abd Manaf hawataweza kupigana na Makureshi wote, watakubali dia na mambo yataisha. Njama hiyo yatuonyesha kabila lilivyokuwa limefika mwisho wake. Sheria iliyowekwa ili watu wasiuane, wakaihesabu mpaka ikawa njia ya kuua bila kudaiwa. Mwenyezi Mungu akamwokoa, na Hijra ikawa.

Madina nako hakukuwa na malaika. Aus na Khazraj walikuwa wamechinjana miaka mingi, na vita vyao vya Bu'ath, karibu mwaka 617, viliwamalizia wakubwa wao wengi. Wanaume 73 na wanawake wawili walimpa Mtume ahadi usiku pale Aqaba, nao walikuwa watu waliochoka kuzika. Mtume alipofika aliandikisha hati kati ya Waislamu na watu wa mji, na mimi nakuomba uisome hati hiyo siku moja kwa utulivu. Imesema waumini ni umma mmoja mbali na watu wengine. Sawa, hilo twalijua. Lakini pia imeitaja mbari moja moja, Bani Awf, Bani Saida, Bani an-Najjar na wengine, kila moja iendelee kulipa dia zake na kuwakomboa mateka wake kama ilivyokuwa. Hakuzifuta koo. Alizibakishia mzigo wa kubeba watu wao, akaziondolea haki ya kujiamulia vita na ya kumficha mhalifu kwa sababu ni mtoto wao. Qur'ani nayo, katika Surat al-Hujurat aya ya 13, imeeleza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na ubora ukawekwa katika taqwa.

Basi shida iko wapi? Sikiliza kisa hiki, na kwangu mimi ndicho kiini cha maneno yote. Katika safari ya vita vya Bani Mustaliq, kwa kauli mashuhuri, watu wawili walisukumana penye maji. Mmoja ni Jahjah, kibarua wa Umar. Wa pili ni Sinan wa Juhayna, mshirika wa kiapo wa Khazraj. Mmoja akamtia mwenziwe teke. Huyu akaita: enyi Ansari! Yule akaita: enyi Muhajirina! Panga zikakaribia kutoka. Mtume akatoka akauliza, ni mwito gani huu wa ujahilia? Akawaambia wauache, kwa kuwa unanuka.

Ansari na Muhajirina, ndugu yangu! Majina yaliyosifiwa ndani ya Qur'ani. Hayakuwa majina ya makabila hata kidogo, yalipatikana kwa kuhama na kwa kunusuru. Lakini yalipotumika kumwita mtu aje akusaidie kabla hajauliza nani mwenye makosa, yakanuka. Na wale wawili wenyewe, mmoja kibarua na wa pili mshirika tu, waligombea majina ya watu wengine.

Kwa hivyo usinidanganye kuwa sisi hatuna ukabila kwa vile tunaswali safu moja. Nimeona uchaguzi wa viongozi wa vijana Waislamu chuoni, ujumbe ukapita kwenye simu usiku: huyu ndiye wetu, tusimwangushe. Wetu nani? Wagombea wote walikuwa Waislamu. Tumewahi kugawanyika kwa pwani na bara, kwa msikiti na msikiti, hata kwa nani alisomea madrasa gani. Na nyumbani je? Kijana ana dini, ana tabia, ana kazi ya halali, posa yake yarudishwa kwa adabu nyingi, na sababu haisemwi mbele yake. Inasemwa jikoni. Wazazi wetu mtuwie radhi, nyinyi mmetulea na hatuwezi kuwalipa, lakini hili sisi watoto twalisikia. Nchi yetu ilionja mwanzoni mwa mwaka 2008 matunda ya mwito huo, na sisi wa umri wangu tulikuwa wadogo, tumesimuliwa.

Abu Dharr (R.A.) alimwaibisha mtu kwa mama yake. Wengi tumezoea kusikia kuwa mtu huyo ni Bilal, ingawa katika Sahihi Bukhari jina halikutajwa. Mtume akamwambia kuwa ndani yake mna ujahilia. Amwambia nani? Abu Dharr, katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Miaka ikapita, mtu akamkuta kule Rabadha amevaa nguo, na mtumwa wake amevaa nguo kama ile ile. Alipoulizwa ndipo akasimulia kisa.

Na ukabila huo ndio uliomzuia Abu Jahl, kama ilivyopokewa katika sira. Alieleza kuwa wao na Bani Abd Manaf walishindana kwa heshima. Wakilisha watu, nasi twalisha. Wakitoa, nasi twatoa. Mpaka tulipokuwa sawa kama farasi wawili wa mashindano, wakasema kwao kuna nabii. Hilo sisi tutalipata wapi? Hakusema ni uongo. Alisema si wetu.

Nilikuahidi kumrudia Mut'im. Alikufa katika dini ya wazee wake kabla ya vita vya Badr, mwaka 624. Baada ya Badr, Mtume akiwa na mateka 70 hivi wa Makureshi, alisema kwa maana yake kuwa lau Mut'im angekuwa hai akawaombea watu hawa, angemwachia wote. Wema wa mtu asiyekuwa Muislamu haukusahauliwa.

Mwanawe Jubayr alikwenda Madina kwa ajili ya mateka hao, akamsikia Mtume akisoma Surat at-Tur katika Magharibi, moyo wake ukakaribia kuruka. Hakusilimu siku hiyo. Mwaka uliofuata, Uhud, yeye ndiye bwana wa Wahshi, aliyeahidiwa uhuru wake akimuua Hamza, kisasi cha ami yake Tu'ayma aliyeuawa Badr. Baadaye Mwenyezi Mungu akamwongoa. Na alikuwa bingwa wa nasaba, akijua kila ukoo wa Makureshi.

Umar (R.A.) alipokuwa khalifa, kati ya mwaka 634 na 644, alitaka daftari la kugawia watu haki zao katika hazina. Akamwita Jubayr, na Aqil bin Abi Talib, na Makhrama bin Nawfal, waandike watu kwa koo zao. Wakaanza na Bani Hashim, wakafuatisha watu wa Abu Bakr, kisha watu wa Umar. Umar akaitazama, akakataa. Anzeni na jamaa wa Mtume, wa karibu kisha wa karibu yake, mpaka mumweke Umar pale Mwenyezi Mungu alipomweka. Bani Adi, ukoo wake mwenyewe, wakamjia kumlalamikia, wakiona wakati wao umefika. Akawakatalia, na daftari likaandikwa hivyo.